Maziwa Yasiyoguswa na Moto

Mkwe wangu Happiness ana mashine ya kahawa. Ilitoka Dar kwa basi, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa, na mwanangu Yohana akaiweka jikoni mahali palipokuwa mtungi wangu wa maji. Mtungi ukahamia chini ya meza, ambako mtu mwenye magoti kama yangu hawezi kuufikia bila kuomba msaada. Ninaishi katika nyumba hiyo ya Ipuli, hapa Tabora, tangu macho yangu yaanze kuingia ukungu, na Hepi, ndivyo tunavyomwita, amekuwa na adabu kwangu muda wote huo, adabu ile ya kumwekea mtu kiti mbali kidogo na wengine.

Mashine yenyewe sikuipenda, wala sikuificha chuki yangu. Upande mmoja inakamua kahawa, uzi mweusi mzito unaoshuka polepole kwenye kikombe ambacho hata mtoto angekidharau kwa udogo wake. Upande wa pili imetoa kibomba cha chuma, kimepinda kama shingo ya bata, na hicho ndicho cha kupulizia mvuke kwenye maziwa. Ukifungua koki yake kinafoka. Kikiingia kwenye maziwa kinalia kama nguruwe aliyeshikwa masikio. Yohana ndiye aliyesema nifundishwe. "Mfundishe mama, siku tukiwa kazini ajitengenezee kikombe chake." Hepi akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa amwazime mwenzake gauni la harusi.

"Usizamishe, mama. Ncha iguse tu juu ya maziwa. Umezamisha tena."

"Nimeshika ulivyoniambia."

"Hujashika, umeng'ang'ania. Hiyo si pampu ya baiskeli."

"Nisipong'ang'ania itanirukia usoni."

"Haijamrukia mtu bado. Inua kidogo. Unasikia inavyochana kama kitambaa? Hapo ndipo povu linapoingia. Sasa shusha, yazunguke. Weka kiganja ubavuni mwa jagi. Likianza kukuchoma, funga hapo hapo. Maziwa yasichemke, mama. Yakichemka yameharibika."

Nilifunga. Hepi alidhani nimemtii. Kumbe nilikuwa nimesimama na jagi mkononi, kiganja kinaungua, nikinusa maziwa yaliyopata moto lakini hayajafika, harufu tamu ya kitoto ambayo haikai muda mrefu. Maneno yale sikuwa nimeyasikia kinywani mwa mtu tangu nikiwa na meno ya utoto. Aliyeniambia alikuwa Bibi Nyanzala, mama yake baba, na aliniambia akiwa amenishika sikio ili nisisahau.

Mama yangu, Kabula, alikufa wakati wa kupalilia karanga. Alikuwa na homa zilizokuja jioni na kuondoka alfajiri, viungo vikimuuma hata hawezi kusonga ugali, na mwisho kifua kikafunga. Kwetu ni upande wa Nzega, nyumbani kwa Bibi, penye zizi la miiba na ng'ombe wachache ambao mpaka leo naweza kuwataja wote kwa majina. Baba, jina lake Masanja, alikuwa anakwenda kwenye mashamba ya tumbaku Urambo. Akaamua kunipeleka Tabora mjini, Gongoni, kwa kaka yake, Baba mkubwa Maganga. Na kwa kuwa nilikuwa nimekonda mpaka mbavu zinahesabika, akanipa ng'ombe wa Bibi wa kwenda naye, jike mwekundu anayenyonyesha. Tulimwita Kahama kwa sababu alinunuliwa huko. Ndama wake akaja nyuma.

Agizo lilikuwa hili: mavuno yakiisha, Bibi atakuja mjini kutuangalia. Akitukuta salama, tutarudi naye nyumbani. Mtoto husikia neno moja katika maneno yote ya wakubwa, na mimi nilisikia hilo. Nilikwenda Gongoni kama mtu aliyepewa kazi. Kazi yangu ni kumlinda Kahama mpaka Bibi aje.

Na Bibi alikuwa ameniambia nimlinde na nini. "Huko mjini wanachemsha maziwa," alisema, vidole vyake vikiwa kwenye sikio langu. "Maziwa yasichemke, Minza. Maziwa ya ng'ombe yakichemka, kiwele kinaungua hata kama ng'ombe yuko malishoni. Chuchu zinapasuka, kisha anakauka, kisha ndama anakufa. Ukiona mtu anayaweka motoni, zuia." Nyinyi wa rika langu mliotoka kwenye mazizi mtakuwa mliambiwa vivyo hivyo. Tulikunywa mabichi yakiwa na joto la ng'ombe mwenyewe, au tuliyagandisha kwenye kibuyu. Moto ulikuwa wa ugali na mboga.

Mke wa Baba mkubwa aliitwa Tekla. Alikuwa binti wa katekista, mrefu, mkavu, mikono inanuka sabuni ya mche, khanga zimepigwa pasi hata za kupikia. Alichemsha kila kitu. Maji, vijiko, vitambaa vya kufutia vyombo, chupa. Sijui kama aliwahi kumchemsha Baba mkubwa, lakini mzee yule alikuwa mpole kupita kiasi. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia nywele hadi nyayo, akaniuliza jina.

"Minza."

"La ubatizo?"

"Paulina."

"Basi hapa ni Paulina. Nguo hizo vua, zinaingia kwenye maji ya moto."

Asubuhi Baba mkubwa alikamua uani, akamletea ndoo. Tekla akayamimina kwenye sufuria, akaliweka juu ya mkaa. Nilidhani ananitania. Nilisimama pale nikingoja acheke. Maziwa yakaanza kutokwa jasho pembeni, utando ukakunjamana, kisha yakainuka yote kwa pamoja, meupe, yakinuka kama manyoya yaliyobabuka. Nilipiga kelele.

"Unamuunguza!"

"Nani?"

"Kahama."

Tekla aligeuka akamtazama ng'ombe, ambaye alikuwa anacheua kwenye kivuli cha ukuta. "Mbona yeye halii?"

Siku hiyo nilimwagia mkaa maji. Majivu yaliruka mpaka kwenye khanga yake. Mwiko ulionishukia ulikuwa wa moto, umetoka kwenye sufuria lile lile, na kwa akili yangu nikaona ananichapa kwa maziwa ya Kahama mwenyewe. Tangu hapo ilikuwa vita. Nilificha kiberiti. Nilipindua sufuria, nikasema ni paka. Alinibana pua akanimiminia maziwa yaliyochemka, nikayatunza mdomoni mpaka anisogelee, nikayatema juu ya khanga zake za pasi. Aliniita ndama wa pili. Wageni wakija anasema, "Huyu ni ndama wa pili wa shemeji yangu. Yule wa kwanza ana adabu, analala nje." Watu wanacheka. Na mimi nilijibu kwa Kinyamwezi, maneno ambayo binti wa katekista alijifanya hayajui, na masikio yake yakamsimama.

Baba mkubwa alijaribu mara moja. "Tekla, mtoto anakunywa mabichi tangu azaliwe."

"Na mama yake je?"

Mzee akachukua kofia yake akaenda kazini.

Sikuelewa alichouliza. Nilielewa kwamba amemtaja mama yangu kwa mdomo ule, na hilo likatosha kuniongezea chuki ya kunifikisha mavunoni.

Nikatafuta njia yangu. Jioni, kabla ya kukamua, Tekla alikwenda kanisani kwa rozari. Mimi nilikwenda uani. Ndama alinyonya upande wake, nami nikapiga magoti upande wa pili, nikaweka kichwa kwenye ubavu wa Kahama na kuvuta. Alikuwa ananijua. Alirudisha masikio nyuma tu na kuendelea kucheua. Nilisikia tumbo lake likinguruma juu ya kichwa changu kama mtu anayeongea chumba cha pili. Sijawahi kuwa mahali penye amani kuliko pale, na nasema hivyo nikijua nilichokuwa ninakunywa.

Nirudi kidogo jikoni kwa Hepi, kwa maana huko nako vita ilikuwa imeanza.

Nilijifunza ile mashine. Sikufanya hivyo kwa mapenzi, nilifanya kwa sababu alidhani siwezi. Nilijifunza kupuliza mvuke hewani kwanza, maji ya ndani ya kibomba yatoke. Nilijifunza kwamba jagi lisijae, lifike chini ya mdomo wake. Kwamba ukikawia kushusha kibomba unapata mapovu ya kufulia. Kwamba ukigonga kitako cha jagi mezani na kulizungusha, maziwa yanang'aa kama rangi ya mafuta. Na kufuta kibomba kwa kitambaa chenye maji hapo hapo, maana maziwa yakikaukia humo utayakwangua kwa kisu. Kiganja changu kilikuwa bora kuliko kipimajoto chake. Miaka yote hii ya kushika masufuria imeniachia hicho. Yohana alikunywa akauliza, "Hepi, umebadilisha maziwa?" Hepi akajibu, "Muulize mama yako," akaenda kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Lakini siku moja nilitazama maziwa yenyewe yanatoka wapi. Alikuwa haishi kusema maziwa ya pakiti hayana ladha. Akawa anachukua kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli anayetoka Itetemia, yametoka kwa ng'ombe asubuhi, yanatoka kwenye kidumu yanaingia kwenye jagi, yanapigwa mvuke mpaka yawe vuguvugu, basi. Na povu la juu anampa Doto, mjukuu wangu wa miaka minne, kwa kijiko.

"Hayo yamechemshwa?"

"Mama, nilishakuambia, ya kahawa hayachemshwi."

"Sizungumzii kahawa. Ninamzungumzia Doto."

"Yamepata moto."

"Yamepata joto. Moto ni kitu kingine."

"Mama, wewe si ndiye umekulia kwenye zizi? Ulikunywa nini huko, soda?"

Nilimnyang'anya mtoto kijiko. Nilisema mambo ambayo mkwe hapaswi kuambiwa mbele ya mwanawe, na nilipoyasikia yakitoka niliijua sauti. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwanamke mkavu wa Gongoni niliyemchukia, na ilitoka bila kukwama kana kwamba ilikuwa inangoja zamu yake. Sasa mimi nachemsha kwanza, nayaacha yapoe, natoa utando, ndipo yanaingia kwenye jagi. Hepi anasema nimeyaua. Hatusemezani sana wiki hizi, na mashine inafoka kwa niaba yetu.

Basi. Kule Gongoni, mvua zilipokwisha, nilipata homa.

Ilikuja jioni, ikaondoka asubuhi, ikaniacha nimelowa. Magoti yakavimba. Nikawa natembea kama bibi kizee, na Tekla alipoona hivyo hakuniita ndama tena. Alinifunga khanga, akanipeleka zahanati ya misheni kwa Sista Benedikta, wakaongea wakinitazama. Njiani kurudi alinibeba mgongoni. Mgongo wake ulikuwa na mifupa mingi. Nilijikaza nisimlalie.

"Unanyonya wapi?" aliniuliza, bila kugeuza kichwa.

"Sinyonyi."

"Paulina. Maziwa ninayokupa mimi hayana homa."

Siku zile zile chuchu moja ya Kahama ilikuwa imepasuka, na Baba mkubwa alipokamua, maziwa yakatoka na uzi wa damu. Kwangu mimi yote yalikuwa yamethibitika. Bibi alisema kiwele kitaungua, kimeungua. Alisema chuchu zitapasuka, imepasuka. Na mimi, niliyekuwa nashiriki kiwele hicho, naungua pamoja naye. Kwamba ndama alikuwa ameota meno, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na meno, hilo halikunijia. Nililala uso ukutani nikihesabu jambo moja tu: mavuno yamekwisha, Bibi yuko njiani, atafika, ataona, atatuondoa katika nyumba hii ya moto.

Alifika kwa lori la magunia ya karanga. Nilisikia sauti yake uani ikisalimia, "Mwangaluka," nikatoka nikishika ukuta. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Kahama. Akachuchumaa, akashika kiwele, akakiminya taratibu, akaitazama ile chuchu iliyopasuka kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaniita kwa kidole. Nikaenda. Akanishika kidevu, akanifungua mdomo kama anavyofungua mdomo wa mbuzi sokoni, akatazama meno yangu ya mbele. Akaninusa. Akagusa magoti yangu. Uso wake ukajikunja.

"Mama yako alianza hivi," akasema. Hakuwa anasema na mimi.

Tekla alileta kiti na chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mke wa Maganga." Bibi akafunika kikombe kwa kiganja. "Mnachemsha."

"Tunachemsha."

"Nilisema wasichemshe maziwa ya ng'ombe wangu. Nilimwambia Masanja, nikamwambia na mtoto."

"Mtoto alifikisha, mama. Alifikisha kila asubuhi, na maji ya kuzimia jiko."

"Na sasa ng'ombe ana kidonda."

"Na mtoto ana homa. Mama ameanza kumwona yupi?"

Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. "Tekla," akasema.

"Hapana, nimechoka kuwa mke mbaya mimi peke yangu. Mtoto huyu hapati homa kwenye sufuria langu. Anaipata pale." Akanyoosha mkono kwa Kahama. "Ananyonya nikiwa kanisani. Magoti ya gauni lake yana samadi kila jioni, na mimi ndiye ninayelifua. Sista amesema homa hii inatoka kwenye maziwa mabichi. Nilivyomweleza ugonjwa wa mama yake, akasema inafanana."

"Sista anafuga?"

"Hafugi, mama. Anazika."

Nilingoja Bibi amnyamazishe. Nilijua anaweza, wanaume wenye mikuki walinyamaza kwake. Akasema tu, "Ng'ombe wangu hawajaua mtu."

Ndipo Tekla akafanya jambo ambalo hakuna mke wa mtu kwetu aliyewahi kumfanyia mama wa mumewe. Alisimama mbele yake, mikono imening'inia, akataja majina.

"Ngolo. Alikuwa na homa ya jioni. Wande. Mihayo, aliyekufa ndio kwanza anatembea. Hao ni watoto wako, mama, Maganga alinisimulia. Anawakumbuka."

"Tekla, nyamaza," Baba mkubwa akasema.

"Mwache," Bibi akasema. "Ameanza. Amalize."

"Kabula," Tekla akasema. "Nimemaliza."

Ndama akapiga kichwa kiwele cha mama yake, kama wanavyofanya. Bibi Nyanzala aliendelea kukaa, kiganja bado kiko juu ya kikombe, mvuke ukitoka katikati ya vidole vyake. Alikuwa mweusi wa kung'aa, lakini wakati ule uso ulikuwa na rangi ya majivu. Kisha akainuka, akaenda kufungua kamba ya Kahama.

Nikakimbilia ndani kuchukua kitambaa changu. Sikuwa na mzigo mwingine. Nilipotoka alikuwa ameshafika kwenye lango, ng'ombe mbele, ndama nyuma.

"Ng'ombe huyu hawezi kukaa kwenye nyumba inayochemsha," alikuwa anamwambia mwanawe.

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki."

Nilimshika nguo. Nilimwambia nimepona. Nilimwambia sijanywa, nimetema yote, hata tone sikumeza, nimefanya kama alivyoniagiza. Nilirukaruka nimwonyeshe magoti yangu, na maumivu yakaniangusha. Hakuniinua. Alimtazama Tekla juu ya kichwa changu, na akasema neno moja.

"Mchemshie."

Akaondoka na ng'ombe wangu.

Niwaambie jinsi nilivyolielewa neno lile, kwa sababu niliishi nalo hivyo kwa muda mrefu. Nilielewa kwamba nimekabidhiwa. Kwamba kati ya mimi na Kahama amechagua mmoja, amemchagua mwenye pembe. Huyo lazima aondolewe motoni, mimi niachwe humo. Nililala chini pale langoni mpaka vumbi lao likatulia upande wa barabara ya Nzega. Tekla hakunifuata kunibembeleza, wala hakucheka. Alingoja. Nilipoingia mwenyewe alikuwa ameweka sufuria, maziwa ya kununua kwa jirani, na alikuwa anayatazama yainuke kwa macho mekundu. Aliniwekea kikombe. Nikanywa. Nilikunywa nikimwangalia, nikiwachukia wote wawili sawasawa, kwa haki kabisa.

Nilipona, ingawa magoti haya hayajanisamehe. Nilikulia Gongoni, nikasoma mpaka darasa la tatu, nikaolewa nikitokea mlango wa Tekla, na hatukupendana hata siku moja, ingawa alipougua ni mimi niliyemwogesha. Alisema maji si ya moto vya kutosha. Na Bibi? Kila mavuno alituma kitu. Karanga, michembe ya viazi vilivyokaushwa, asali kwenye kibuyu kilichofungwa kwa majani. Maziwa hakutuma, hata mgando, yeye ambaye mgeni hakutoka kwake bila kibuyu cha mgando kwapani. Nililiona hilo nikaliweka kwenye makosa yake mengine. Amekataa hata kunipa maziwa ya nyumbani. Sikwenda kumwona. Baba alinibembeleza, sikwenda.

Nilikwenda nikiwa na mtoto wangu wa kwanza, Rozalia, ambaye nilikuwa nimemwachisha ziwa. Nilikwenda kumwonyesha Bibi kwamba nimekua bila yeye. Alikuwa amezeeka, amekuwa mdogo, lakini zizi lilikuwa limejaa, na waliokuwa wekundu aliniambia ni wajukuu wa Kahama. Tulikaa. Rozalia akaanza kulia njaa, akaona kibuyu cha maziwa kimetundikwa, akakinyooshea mikono.

Bibi aliinuka akakitundua kibuyu, akakipeleka ndani kabisa ambako mtoto hakioni. Nikasema moyoni, haya, hata kwa huyu pia. Nilianza kumfunga mwanangu mgongoni niondoke. Bibi akachukua fimbo yake akatoka bila kuaga. Nilimwona anavuka kwa jirani, kwa mzee aitwaye Ngassa, ambaye Bibi aligombea naye mpaka wa shamba na walikuwa hawasalimiani kwa miaka. Nikasikia akimsalimia. Alirudi na kata ya maziwa mkono mmoja, na sufuria la kuazima mkono wa pili.

"Haya si ya ng'ombe wangu," akasema, akiniwekea mbele ya mafiga. "Chemsha."

Sijui mpaka leo kama alikwenda kwa Ngassa kwa kuwa ni karibu, au kwa kuwa, kwa imani yake, kama kuna ng'ombe wa kukauka basi awe wa Ngassa. Hakusema, nami sikuuliza. Aliburuta kigoda chake akakiweka nje ya mlango, akakaa amenipa mgongo, akitazama zizi lake, asione maziwa yakiinuka.

Nilikoka moto. Nikaliteleka sufuria.

"Yamechemka?" akauliza, bila kugeuka.

"Bado, bibi."

"Basi usiyatoe."